Sufuria ya Watu Kumi na Tisa

Bei mbili zimelala mezani chini ya kikombe changu.
Dirisha la ofisi yetu hapa Ahero liko wazi,
na vumbi la pumba za mpunga limeshazisoma kabla yangu.

Ya kwanza: mashine mpya, nyembamba, ya kasi,
inasifiwa kama fahali wa maonyesho.
Ya pili: seva iliyokwishatumika,
ya benki moja ya Nakuru iliyofunga tawi,
nzito, ina mkwaruzo ubavuni,
inauzwa pamoja na kabati lake la chuma;
diski mbili zinaandika neno lilelile kwa wakati mmoja
kama wanafunzi wanaoibiana majibu bila aibu,
na njia mbili za stima: moja ikizirai, nyingine ishike.

Bwana Wekulo, mweka hazina, anataka ya kasi.
"Tumechoka kungoja," anasema, na ni kweli.
Sisi tuko kumi na tisa, ubongo ni mmoja.
Awino akichapa hati za malipo
Barasa wa mizani anaganda katikati ya gunia.
Mmoja akipiga chafya, kumi na wanane wanasubiri.

Mimi nahesabu kwa sufuria.
Anayepikia watu kumi na tisa
haanzi kwa kuuliza moto una ukali gani.
Nilipiga simu dukani Kisumu:
hiyo mpya, kumbukumbu yake ni kiasi gani?
Nane, wakasema.
Nane! Kijiko cha chai.
Hii yenye mkwaruzo ina sitini na nne.

Lakini kwenye ripoti sikuandika hesabu.
Niliandika tarehe kumi na moja Aprili,
siku diski ya zamani ilipolia kama panya ukutani,
kisha ikanyamaza, na msimu mzima ndani yake.
Mama Rusalia Adhoch alisimama hapo dirishani
na risiti ya magunia saba,
karatasi imelowa jasho, wino umeanza kukimbia,
akatuuliza, taratibu, kama anayeuliza njia:
"Mashine ikisahau, basi sikulima?"

Wekulo alisoma mstari huo mara mbili.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Akauliza tu
kama hilo kabati litapita mlangoni.

Halipiti.
Kesho asubuhi anakuja seremala.