Taa Hazirefuki Angani

Tovuti ya zamani ilifunguka kwa sura ya jengo,
kisha sura ya mkurugenzi, kisha saa za kufungua,
kisha neno Karibu likipepesuka kama mlevi wa Igogo,
halafu basi.
Picha zenyewe, mia mbili na kumi na nne,
zilikuwa kwenye folda inayoitwa Nyinginezo.

Nikapewa miezi mitatu, meza karibu na dirisha
na feni inayogeukia upande mmoja tu.
"Nataka darasa," alisema Bi Nyamizi, "sitaki bango.
Mtoto wa Kome aingie bila nauli ya kivuko."
Nikasema sawa. Sawa ni neno jepesi.
Picha moja ilikuwa na megabaiti kumi na mbili,
na mtoto wa Kome ana bando la mama yake,
la shilingi mia tano, la kugawana na salamu za shangazi.

Basi nikawa bucha la rangi.
Nakata, napima, nakata tena,
hadi bluu ya ziwa inaanza kuvunjika miraba miraba,
hapo nashtuka, narudi nyuma hatua moja
kama mtu aliyenusurika kuunguza ugali.

Lushinge, anayefuta vumbi ukumbini, akachungulia kazi yangu.
"Maelezo yote haya! Watu husimama, husoma, huondoka,
picha hawajaitazama. Waulize kwanza."
Nikafuta aya zangu, nilizozipenda.
Chini ya kila picha nikaacha kisanduku kitupu
na maneno mawili:
Unaona nini?

Wiki ya kwanza: Naona ng'ombe.
Naona mama kachoka.
Naona makosa, mguu wa huyo bata ni wa kuku.
Naona hamjalipa umeme, mbona giza hivi?

Ndipo ikaja zamu ya namba themanini na nane.
Kibao chake: Mvua ya Jioni. Rangi ya mafuta. Msanii hajulikani.
Miaka kumi na tisa ukutani,
wageni wamekunja mikono mbele yake wakiisifia mvua ile,
michirizi ya manjano ikishuka toka juu,
na chini nukta nukta. Tulisema ni maua.

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, hauna herufi kubwa hata moja:
hii si mvua. ni taa za dagaa.
mmeiweka kichwa chini miguu juu.
taa hazirefuki angani, zinarefuka majini.
ni mimi sayi, darasa la sita, baba anavua siku za giza.

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Nikaandika amri moja, nyuzi mia na themanini,
picha ikapinduka kiooni
kama sato anayegeuzwa kikaangoni,
na ziwa likaingia chumbani.
Usiku mtupu. Mitumbwi haionekani,
zinaonekana karabai tu, kila moja
imening'iniza ndevu zake za mwanga ndani ya maji.

Asubuhi Bi Nyamizi alitazama, akavua miwani,
akaivaa tena. "Na wafadhili walivyoisifia," akasema.
Lushinge alikuwa keshaleta ngazi.

Pembeni, pale tulipopaita majani,
palikuwa na herufi: H, kisha o, kisha labda l,
zilizobaki zimemezwa na fremu,
na kuifungua fremu ni bajeti ya mwaka ujao.

Mvua nimeifuta.
Jina jipya sijaweka, nafasi ipo wazi.
Penye msanii nimeandika: Hol, tunaendelea kusoma.
Penye mwalimu, maana kila ukurasa una mahali pa mwalimu,
tulipopanga kuweka daktari fulani wa sanaa na shahada zake,
nimeandika: Sayi, darasa la sita, Kome.

Tangu siku hiyo napita ukumbini shingo upande,
nikizikagua zile mia mbili na kumi na tatu.