Kazi ya Wiki ya Kwanza

Mwalimu Asila kasema: wiki kumi na nne,
kila Jumapili ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti,
kwa lugha yoyote mnayogombania nyumbani.
Mnayogombania. Hakusema mnayoipenda.

Nimenunua daftari kwa baisa mia tatu
duka la Mmalabari, mkabala na kituo cha petroli.
Jaladani pana twiga.
Twiga alifikaje Ibra, sijui.
Sisi tulifikaje, hilo najua,
husimuliwa kila Idi, na kila Idi
idadi ya masanduku hupanda.

Usiku, bwenini. Ghaliya wa Bidiya keshamaliza:
ngamia wa baba yake, mbio za alfajiri,
Kiarabu kimemtoka kama maji ya falaji,
na sasa kalala fofofo, mguu mmoja nje ya blanketi.
Mimi nimeandika, Jina langu Salhiya.
Nikafuta.
Natoka Mudhaibi. Nikafuta pia,
maana neno kutoka, kwetu, halina mwisho.

Kwa Kiarabu sentensi yangu husimama wima
kama mgeni asiyejua akalie kiti kipi.
Kwa Kiswahili namsikia mama, simu begani,
akimsimulia khala wa Rustaq habari za fundi
aliyeitengeneza mashine ya kufulia
hata ikahama yenyewe mpaka mlangoni.
Kiswahili changu ni cha jikoni na cha simu.
Sijapata kukiona kimekaa karatasini.
Leo ndiyo kwanza nimejua
kwamba ng'ombe huandikwa na inzi kichwani.

Saa saba. Kiyoyozi kinavuja.
Tumekiwekea ndoo ya rangi, ile nyeupe,
na tone likianguka, ndoo hujibu.
Nikahesabu, kwa kukosa kazi. Nane. Kimya. Nane.
Ndipo nikamkumbuka baba, barabara ya Maskati,
akitunga upuuzi kuhusu matuta na kamera za polisi,
huku anapiga usukani kwa kidole,
nane, pumua, nane,
nasi nyuma tukimwomba awashe redio.

Nikaandika, bila kufuta:

*Kiyoyozi chadondoka, moja, mbili, tatu, nne,*
*Ndoo chini yaitika, "lete tena nilione,"*
*Nami kalamu nashika, neno la kwanza na linene,*
*Usingizi umeruka, ukurasa u mweupe.*

Jumapili. Wasichana mbele, wavulana nyuma,
kila upande na mlango wake.
Muhanna kasoma soko la mbuzi la Sinaw, tukacheka.
Ghaliya kasoma ngamia, wakampigia makofi.
Nikasimama. Nilisoma upesi,
kama mtu anayevuka barabara na kandambili.

Kimya.
Mtu akakohoa kikohozi kisicho na kifua.
Mwalimu Asila kanitazama kwa upole,
ule upole unaokaribia kuwa pole,
akaniuliza maana yake nini.
Nilikwisha fungua kinywa nitafsiri ndoo

pale sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango wao.
Mundhir. Mundhir ambaye tangu siku ya usajili
hatujamsikia ila "hadhir" akiitwa jina.
Kofia yake imeinamia meza, vidole anavikunjua:
"Mstari wa tatu, kipande cha pili.
Mizani tisa."
Kwa Kiswahili. Kiswahili cha jikoni kwao,
kimekunjamana vilevile kama changu.
"Toa hiyo *la*."

Nikahesabu chini ya meza.
Ne, no, la, kwa, nza.
Tisa, wallahi.

"Kasemaje?" akauliza mwalimu.
Nikamjibu kwa Kiarabu: kasema niondoe *la*.
Na *la* kila mmoja mle ndani anaijua,
ndiyo ya kwanza mtoto hujifunza kulilia,
basi darasa zima likageuka kumtazama
kijana aliyeniambia niiondoe hapana.

Masikio yake yaliiva kama bisari.
Mimi nikakata herufi mbili kwa wino,
nikakaa, nikafungua ukurasa wa pili,
na nikiwa bado na hasira za ile tisa
nikaanza kumwandikia yeye
habari ya mashine iliyotembea.