Mia Saba na Mbili

Mita elfu mbili mia tisa ishirini na tano:
ndivyo kisemavyo kibao cha shaba mlangoni,
ndivyo nilivyoandika, vidole vimekufa ganzi,
nikaiamuru kompyuta irudishe hewa nyuma
saa tisini na sita, hatua kwa hatua,
hadi ilikotoka.

Ikanichorea uzi mwembamba wa buluu
kutoka magharibi kabisa, Atlantiki tupu,
hewa isiyo na deni na mtu.
Na chujio mezani jeusi kama kitako cha chungu.

Radoy hakucheka. Alikuwa akimenya kitunguu.
"Mita hizo," akauliza, "umezihesabu kuanzia wapi?"

Kuanzia wapi!
Mlima wa kompyuta si mlima huu.
Mle ndani safu ya Rila imepigwa pasi,
vilele vimekatwa vikafukiwa mabondeni,
ardhi ni tandiko la mita elfu moja mia nne;
nami juu ya tandiko hilo nikasimamisha mlima mzima,
nikaitafuta pumzi yetu
mahali ambapo hata kunguru hafiki.

Akaigonga barometa kwa ukucha
kama abishaye hodi kwa jirani mwenye usingizi.
"Mia saba na mbili. Kibao kinasema kimo,
lakini hewa haijui kusoma.
Inajua uzito wa kilichoilalia, basi."

Januari hiyo. Baridi huikunja hewa
kama blanketi, mia saba ikashuka mpaka miguuni petu;
Julai mia saba ile ile
hupanda juu ya paa, juu ya mlingoti,
na jiwe la kilele halijasogea hata unywele.

Nikafuta mita. Nikaandika hektopaskali.
Uzi ukainama.
Ukaiacha bahari, ukazunguka siku mbili
juu ya uwanda, kivivu, kama mgeni asiyeaga,
ukalala bondeni Samokov,
kisha adhuhuri ukapanda mteremko hadi kwetu.

Modeli haioni mitaa. Mimi ndiye niliyeuona:
mtaa wa mama, bomba la bati lililopinda,
makaa ya kahawia, na nikiwa sipo
viatu vyangu vya zamani.

Nilimpigia simu. Akasema jiko linawaka vizuri,
niteremke nikaote moto.
Daftarini niliandika namba peke yake.
Radoy akanisogezea nusu ya kitunguu.