Unywele Mmoja

Hakuja na bunduki. Bunduki, alisema, imelala Sengerema
kwenye kabati la chuma, pamoja na kibali chake cha mwaka.
Alikuja na dai lililofungwa kwenye kipande cha kitenge,
maganda matatu ya shaba
na risasi moja ya kijivu aliyoimimina mwenyewe kwenye kalibu.

"Inakwanguka," alisema Bihemo, akanionyesha.
Alipoisukuma, dai likaimenya ubavuni,
na uzi mwembamba ukajikunja mezani
kama ukucha uliokatwa kwa wembe.

Mimi hapa Mabatini nakereza bushi za injini za boti,
shafti za feni, pini za mashine za kukoboa mpunga wa Magu.
Sijawahi kuua hata kenge.
Lakini kipenyo ni kipenyo.

"Mtutu umeliwa," akasema. "Miaka themanini ya moshi.
Risasi za dukani zinapwaya humo,
zinatoka zikiyumba kama mlevi anayetafuta mlango.
Yule mzee anataka tonge nene."

Nikapima. Nikapima tena.
Maikromita ya marehemu baba ina kutu kwenye namba saba,
ila haijajifunza kudanganya.
Tofauti: unywele mmoja.

Sisi mafundi tunaliita dai, na kweli linadai:
kila risasi iwe na kiuno kile kile.
Lilitoka kiwandani likiamini
kwamba mitutu yote duniani ni mipya.

Chuma chake kilipikwa kikaiva;
kisu cha lezi kiliteleza juu yake, kikapiga yowe.
Basi nikachonga kijiti, nikakizungushia msasa laini,
tone la mafuta ya taa,
nikaenda polepole kama anayehesabu dawa ya mtoto.
*Kuondoa ni rahisi, Nshoma,* baba alizoea kusema.
*Nionyeshe fundi anayejua kurudisha.*

Saa nane umeme ukakatika.
Nikaendelea kwa mkono, Bihemo akinimulikia kwa simu.
Hakusema atapiga nini, nami sikuuliza.
Alisema tu kwamba kila Jumapili baba yake
aliipaka mafuta ile bunduki
kwa mkono ambao yeye hakuwahi kuguswa nao.

Nikafuta. Nikapima. Nikasugua zamu tatu zaidi, nikaacha,
maana ya nne ingekuwa ya tamaa.
Akaisukuma risasi nyingine, toka mfukoni.
Ganda likaimeza.
Tukainama wote wawili kutafuta uzi mezani.
Hapakuwa na kitu.

Elfu kumi na tano. Akalipa ishirini, akakataa chenji,
akafunga kitenge chake kama anayefunga kidonda.

Nilipobaki peke yangu nikaitazama ovaroli hii, ya baba.
Mwaka wa kwanza niliikunja mikono mara tatu.
Leo nakunja mara moja.
Sijui kati yangu na nguo
ni nani aliyekwanguka.