Bahasha ya Shaba

Karatasi ya shaba imefika ndani ya bahasha,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na stempu za nchi isiyo na hata jiwe moja la kijani.
Nimesaini. Nimelipa forodha.
Nimelipa forodha ya shaba, hapa Lubumbashi,
dirisha likitazama kilima cheusi cha masalio
na dohani ile ndefu ambayo chini yake
babu yangu Kabwita alilisha tanuru miaka ishirini na saba.

Naikata kwa mkasi wa fundi cherehani, upana wa kucha mbili.
Naiosha kwa asidi, naisuuza, naipuliza ikauke.
Naisukuma ndani ya mrija wa kioo, nafunga,
naifyonza hewa hadi pampu inaanza kukohoa
kama yeye, alfajiri, kabla ya zamu.

Nyuzi elfu moja na thelathini.
Haidrojeni kwanza, iondoe kutu.
Kisha methani kidogo, kidogo sana,
pumzi ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Huko ndani, nisikoona,
methani inagusa shaba na kuvunjika.
Kaboni inabaki peke yake, miguu mitupu juu ya chuma cha moto,
inateleza, inatafuta mwenzake,
wawili, watano, sita, pembe sita:
kisiwa.
Na kingine kule, kimegeukia upande wake.
Vinatambaa. Penye kukutana pana mshono,
na mishono, husema Profesa Kishimba, ndiyo huchanika.

Tanuru ya babu haikujua kushiba.
Ilikula mlima, ikala usingizi, ikala kifua chake.
Hii yangu hushiba.
Shaba ikishavikwa vazi la atomu moja
methani haipati tena pa kugusa,
kazi inakoma yenyewe.
Sijaona kitu kingine mjini humu
kinachoacha kwa kuwa kimetosha.

Saa tatu usiku umeme ukakatika.
Jenereta ya kitivo haijaonja mazuti tangu Pasaka.
Tukakaa gizani tukisikiliza kioo kinapoa,
tik,
tik,
na Kishimba hakusema neno ila
"Tutaangalia tu."

Asubuhi, umeme bado,
tukaipeleka kwenye mbabula ya Mama Chola
anayechoma mahindi nje ya lango.
Tukaiweka juu ya kikaango, makala yakapepewa.
Palipokuwa uchi pakaiva wekundu wa udongo wetu.
Palipofunikwa pakabaki paking'aa:
visiwa, vidogo kama punje za chumvi,
kila kimoja na pembe zake sita, havikukutana.

Mama Chola akainama, akaipokea lenzi.
Akatazama muda mrefu, hindi likiungua.
"Hiki kinauzwa bei gani?"
"Bado hakina bei, mama."
"Basi kificheni," akasema,
akageuza hindi lake.