Ndoo

Kisima cha kumi na tisa kina mfuniko wa bati
na kufuli ambalo ufunguo wake naufunga penye pindo la leso.
Nafika kabla jua halijaupasha mchanga,
viatu mkononi, daftari kwapani.
Nateremsha utepe: mita tatu na nukta nne.
Mwaka jana, mwezi kama huu, tatu na nukta moja.
Nachota kidogo, natumbukiza kipima chumvi,
nangoja tarakimu zitulie
kama mtu angojaye jibu la posa.

Wageni huniuliza maji yanatoka wapi
hapa pasipo mto wala mlima.
Mnayakanyaga, nawaambia, mkija kupiga picha.
Mvua ikinyesha, vilima vya Shela havirudishi hata tone.
Mchanga hunywa taratibu, kama mgonjwa,
na kule chini maji baridi hukaa juu ya maji chumvi
kama tui zito juu ya tui jepesi,
mradi asije mtu na haraka zake akakoroga.

Bibi yangu Mwanashee hakuwa na kipima.
Alikuwa na ulimi.
Alisimama kizingitini akaita, "Ndoo!"
nami sikujua kamwe aitwaye ni nani,
mimi au chombo.
Kwa Kiamu njoo ni ndoo, na ndoo ni ndoo,
basi nilikwenda nayo, nisikosee.
Akaonja, akatema:
"Mai haya yamekasirika. Yaateni siku tatu."
Na mtaa mzima ukayaacha.
Hapakuwa na barua, hapakuwa na muhuri.
Aliyeiba usiku alijulikana asubuhi
kwa kamba yake iliyolowa.

Siku hizi barua zipo. Ninayo moja mfukoni,
imejaa ploti na ekari na hati,
na juu ya kilima cha pili
vigingi vinne vya saruji vimechomoza
kama meno ya mtoto.
Mwenyewe simjui. Nimeandika ripoti tatu.
Ya kwanza ilipotea.
Ya pili ilipokelewa.
Ya tatu niliulizwa kama nimechoka na kazi.

Lakini si vigingi vilivyoninyima usingizi wiki hii.
Jumatatu niliona nyayo za punda
zikija nyepesi, zikirudi nzito,
kwato zimedidimia.
Nikazifuata kama mwenda kushika mwizi,
maneno nimeshayapanga.
Zikapita nyuma ya makaburi, zikaingia Langoni,
zikakata uchochoro ninaoupita hata gizani,
zikasimama mlangoni pangu.

Kaka yangu Lali alikuwa akishusha magunia.
"Wa chumba chako cha juu," akasema,
"mzuri huu, hauna chumvi, ukuta hautachubuka."
Hauna chumvi!
Ni mimi niliyemfundisha,
usiku mmoja, kwa majivuno, juu ya sinia la wali.
Punda wetu Hakimu akanitazama kwa jicho moja.

Kuta mbili zilikuwa zimesimama.
Nilizigusa. Zilikuwa zimenyooka, zuri kazi yake.
Nikahesabu magunia matupu: thelathini na matano.
Sijui gunia moja ni mvua ngapi.
Kwenye daftari hakuna safu ya jambo hilo.

Leo tumerudisha kumi na moja yaliyosalia.
Lali amenuna njia nzima.
"Utajaza kilima kwa kijiko?"
Nikamwaga. Upepo ukachukua fungu lake kwanza,
kama kawaida ya upepo.
Kisha nikafungua ukurasa wa ripoti ya nne,
nikaanza na nyumba yenye magunia thelathini na matano,
jina la mwenyewe, mtaa, tarehe.
Mwandiko haukutetemeka. Niliutazamia utetemeke.

Nikafungua kufuli, nikainama juu ya lile giza
lenye harufu ya mvua za zamani,
na kwa sauti ya chini, nikiona haya kidogo,
nikaita: "Ndoo."

Lali alisikia.
Akaniletea ndoo.