Upande Wako Upi?

Kitanda chetu cha Des Moines hakipoi.
Saa kumi na moja alfajiri Nyamizi anatoka
kwenda kuwaogesha wazee wa watu;
mimi naingia na vumbi la maboksi usoni,
najitupa pale pale alipokuwa,
katikati, kwenye joto lake.
Miaka mitatu tumelala pamoja hivyo.
Mazungumzo yetu hukaa mlangoni mwa friji:
Maziwa yamekwisha.
Ngollo ana homa kidogo.
Nakupenda, lipa umeme.

Juzi zamu zikagongana kwa heri:
ghala limefungwa kwa ukaguzi,
naye amepewa siku mbili anazodai tangu Krismasi.
Tukampeleka Ngollo kwa Marisol, mlango wa pili,
yeye na sungura wake wa kitambaa asiye na sikio,
tukaishika barabara ya themanini, magharibi,
ndani ya Korola ambayo taa yake ya injini
inawaka tangu Pasaka, nasi tumeizoea
kama mtu anavyozoea kikohozi cha shemeji.

Mahindi.
Mahindi, halafu ghala la mahindi, halafu mahindi,
na juu yake mapanga meupe ya upepo
yakizunguka kama mtu anayekoroga uji
huku mawazo yake yako mbali.

Usukani alishika yeye. Tulipouacha mji
akafungua pochi, akatoa miwani, akavaa.
Nikageuka.
"Miwani?"
"Miwani."
"Tangu lini?"
"Tangu Februari."
Akawasha taa ya pembeni, akalipita lori la nguruwe.
Nami nikahesabu kwa vidole, mpaka Septemba:
miezi saba mke wangu anaona vizuri
na mimi sina habari.

Orodha aliiandika nyuma ya bili ya maji:
soko la zamani la matofali, bustani ya maua,
nyati wa kizungu, nyama yao ya kuchoma
(tuone kama wanajua),
daraja la waenda kwa miguu juu ya Mto Missouri.
Tukafika Omaha saa nane mchana.
Hoteli ya bei ya chini, nyuma ya duka la matairi.
Tukasema tujinyooshe dakika kumi tu.

"Upande wako upi?" akauliza.
Nikasimama na soksi moja mkononi.
Nyumbani sina upande, nina zamu.
Naye akafikiri, akacheka: hata yeye hana.
Tukarusha sarafu. Akapata dirishani.

Dakika kumi zile zilituamsha Jumapili, saa moja asubuhi.
Kiatu chake kimoja bado kiko mguuni.
Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi chini ya shingo yake
na sikuutoa.
Kumbe anakoroma! Kidogo,
kama birika linalokaribia kuchemka.
Hilo nalo sikulijua.

Kifungua kinywa, mkate wa matundu, unajichomea mwenyewe.
Wetu ukagoma kutoka kwenye mashine.
Tukaukwangua kwa kijiko, tukicheka
mpaka mhudumu akaja kutazama kuna nini.

Nafasi ikabaki ya kitu kimoja. Tukachagua daraja.
Katikati pana mstari: huku Iowa, kule Nebraska.
Yeye akasimama kule, mimi huku,
na kwa nukta moja ikawa kama mlangoni kwetu alfajiri,
mmoja anatoka, mmoja anaingia,
ufunguo wa gari unapokewa ungali na moto wa kiganja.
Kisha akanishika kola, akanivuta.
Chini yetu mto wa rangi ya chai ya maziwa
ulikuwa unapita na gogo lake.

Jumatatu usiku, ghalani, Darnell akaniuliza
Omaha kukoje.
Nikalifikiria soko, nyati, maua,
vyote bado vimelala nyuma ya bili ya maji.
"Kuna mapazia mazito," nikamwambia,
nikainua boksi.

Alfajiri nikakuta joto limehamia dirishani.
Katikati hapakuwa na mtu, wala alama ya mtu.
Upande wa mlangoni shuka imenyooshwa, baridi,
mto umewekwa sawa.
Nikaingia kwenye baridi yangu
kama mwenye nyumba.